ALIYEPIMA UONGO WA WATU, NA SIRI ILIYOKAA NYUMBANI MWAKE

Katika hadithi za picha zitokazo Marekani yumo mwanamke mmoja shujaa ambaye kiunoni pake huning'inia kamba ya dhahabu. Adui akishafungwa kwa kamba hiyo, ujanja wake wote humwishia. Hana budi kumtii mwanamke huyo, na akiulizwa jambo hana budi kulisema kama lilivyo. Jina la shujaa huyo ni Wonder Woman, na sifa zake zimeenea duniani kwa vitabu vya katuni, kwa televisheni na kwa sinema.

Wengi humjua shujaa, wachache humjua aliyemtunga. Waswahili husema usione vyaelea, vimeundwa. Fundi aliyemuunda mwanamke huyu hakuwa mtunzi wa hadithi kwa kazi yake. Alikuwa mwanasheria na msomi wa elimu ya nafsi, yaani saikolojia, na sehemu kubwa ya umri wake aliitumia kutafuta njia ya kumtambua mwongo kwa kupima mwendo wa damu yake. Aliitwa William Moulton Marston.

Ajabu ya maisha ya bwana huyu ni kwamba yeye aliyetaka kuyafichua yaliyomo vifuani mwa watu alikuwa na siri yake mwenyewe, ambayo aliilinda mpaka kufa kwake, na watu wa nyumba yake wakaendelea kuilinda baada yake. Hebu tuufuate mkasa huu tangu mwanzo, kwani ndani yake mna mengi ya kuzingatiwa juu ya ukweli, juu ya hukumu, na juu ya hulka za wanadamu.

MWANAFUNZI NA KIPIMO CHA DAMU

Marston alizaliwa tarehe 9 Mei, 1893, katika mji wa Saugus, jimbo la Massachusetts, upande wa mashariki ya Marekani. Alikuwa mtoto pekee wa wazazi wake. Mwaka 1911 aliingia katika Chuo Kikuu cha Harvard, na huko akawa mwanafunzi wa profesa mmoja Mjerumani, Hugo Münsterberg, aliyeshikilia kwamba mambo ya nafsi yaweza kupimwa kwa vyombo ndani ya chumba cha majaribio, kama vile mwanakemia apimavyo maji na chumvi.

Mwaka 1915, baada tu ya kupata shahada yake ya kwanza, Marston alimwoa Elizabeth Holloway, msichana waliyelingana umri, aliyezaliwa katika kisiwa cha Man kilichoko baina ya Uingereza na Ireland na kuletwa Marekani angali mtoto. Elizabeth naye alikuwa msomi, tena mwenye moyo wa chuma. Watu wa nyumba yao husimulia kwamba ni yeye aliyemfungua macho mumewe, kwa kumweleza kuwa kila apatapo hasira au msisimko huhisi damu yake ikipanda.

Kutokana na jambo hilo dogo Marston alipata wazo lake kubwa. Aliwaza kuwa mtu anaposema uongo huwa anafanya kazi mbili kwa mara moja: huuficha ukweli, na papo hapo huusimamisha uongo. Kazi hiyo huusumbua moyo, na moyo ukisumbuka shinikizo la damu hupanda. Basi alichukua kipimo kile kile watumiacho madaktari, mpira unaofungwa mkononi na kutiwa upepo, akaketi na watu wakimsimulia hadithi za kweli na za uongo, huku akipima presha yao mara kwa mara na kuandika hesabu. Mwaka 1917 alichapisha matokeo yake katika jarida la wataalamu, akidai kwamba katika sehemu kubwa ya majaribio yake alimtambua mwongo bila kukosea. Jina lililotiwa juu ya makala hayo lilikuwa la mume peke yake.

Mume na mke walisoma sheria pia, lakini si katika chuo kimoja. Harvard wakati ule haikupokea wanawake katika masomo ya sheria, na haikuwapokea mpaka mwaka 1950. Kwa hivyo Elizabeth alikwenda Chuo Kikuu cha Boston. Wote wawili walipata shahada zao za sheria mwaka 1918, na Marston akaongeza udaktari wa saikolojia mwaka 1921.

Inafaa msomaji ajue hapa kwamba mtambo unaoitwa poligrafu, ule wenye kalamu zinazochora mistari juu ya karatasi, haukuwa wa Marston. Mtambo huo uliundwa na John Larson huko California mwaka 1921, kisha ukaendelezwa na Leonarde Keeler. Lakini mpira wa mkononi, na wazo la kwamba damu ya mwongo humsaliti mwenyewe, ni mambo ambayo Marston aliyatangulia.

KESI YA KIJANA FRYE

Mwezi wa Novemba 1920, katika mji wa Washington, daktari mmoja mashuhuri Mweusi, Robert Brown, alipigwa risasi nyumbani kwake akafa. Muda ukapita bila ya muuaji kujulikana. Mwaka uliofuata alikamatwa kijana mmoja Mweusi, James Alphonso Frye, kwa shauri jingine, na alipokuwa mikononi mwa polisi akakiri kuwa yeye ndiye aliyemwua daktari. Baadaye aliyakana maneno yake. Alisema kwamba alikiri kwa sababu aliahidiwa kupata sehemu ya zawadi iliyotangazwa kwa atakayemfichua muuaji.

Wakati huo Marston alikuwa akifundisha katika chuo kikuu kimoja mjini Washington, na mawakili wa Frye walikuwa wamepita mikononi mwake kimasomo. Walimwita. Mwezi wa Juni 1922 aliingia gerezani na kipimo chake, akamfunga Frye mpira mkononi, akamwuliza maswali. Akatoka na hukumu yake: kijana huyu anasema kweli, hakuua.

Kesi iliposikizwa mwezi wa Julai, jaji alikataa kata kata kuusikia ushahidi huo. Kwa Marekani kazi ya kupima ukweli wa shahidi ni ya wale raia 12 wanaoketi kama wazee wa baraza, na jaji hakuona sababu ya kuitoa kazi hiyo mikononi mwao na kuitia katika mpira wa daktari. Wazee wale wakamwona Frye na hatia ya kuua, ila si kwa kukusudia tangu mwanzo. Akaepukana na kitanzi, akahukumiwa kifungo cha maisha.

Mawakili wakakata rufani, na tarehe 3 Desemba, 1923, mahakama ya rufani ikatoa uamuzi mfupi mno ambao ulikuja kuwa mashuhuri kuliko kesi yenyewe. Majaji walisema kwamba elimu mpya haiwezi kutolewa ushahidi mpaka iwe imekwisha kukubaliwa kwa jumla na wataalamu wa fani hiyo, na kipimo cha Marston kilikuwa bado hakijafika daraja hiyo. Kanuni hiyo, inayoitwa kanuni ya Frye, ilitumika katika mahakama nyingi za Marekani kwa miaka 70. Mwaka 1993 mahakama kuu ya nchi hiyo iliamua kuwa haifungi tena mahakama za serikali ya muungano, lakini yako majimbo ambayo yaliendelea kuishika.

Wanafunzi wa sheria hulikariri jina la Frye mpaka leo, lakini mara chache hukumbuka kuwa alikuwa binadamu. Alitoka gerezani kwa msamaha wa masharti mwaka 1939, baada ya kifungo cha miaka mingi ya ujana wake. Mwaka 1938, Frye akiwa bado ndani, Marston alichapisha kitabu juu ya kipimo chake, na humo akajigamba kuwa kipimo hicho ndicho kilichomwokoa kijana yule na kitanzi, ingawa wazee wa baraza hawakuruhusiwa kuyasikia matokeo yake.

Kuna jambo jingine ambalo lilimharibia Marston wakati ule. Mapema mwaka 1923 yeye mwenyewe alikamatwa na kushtakiwa kwa udanganyifu katika biashara moja ya nguo aliyokuwa na mkono ndani yake. Mashtaka hayo yalifutwa baadaye, na hakupatikana na hatia yoyote. Lakini kazi yake ya kufundisha mjini Washington ilikuwa imekwisha kumponyoka. Mpimaji wa uongo alikuwa ameionja ladha ya kutoaminiwa.

AINA NNE ZA HULKA

Baada ya hapo Marston aligeukia swali pana zaidi. Wataalamu wengi wa zama zake walishughulika na wagonjwa wa akili. Yeye alitaka kujua hulka za watu wazima wa akili, wale tunaokutana nao sokoni, kazini na majumbani. Mwaka 1928 alitoa kitabu juu ya hisia za watu wa kawaida, na humo akaeleza aina nne za hulka ambazo zimekuwa mashuhuri hata miongoni mwa watu wasiolijua jina lake.

Alijenga mizani yake kwa maswali mawili. La kwanza: je, mtu huyaona mambo yanayomzunguka kuwa yanampinga au yanamsaidia? La pili: je, hujiona nafsi yake kuwa na nguvu kuyashinda mambo hayo au kuwa dhaifu mbele yake? Ukiyaweka pamoja maswali haya mawili unapata majibu manne.

Na tuyaeleze kwa mfano wa jahazi. Nahodha aonaye dhoruba mbele yake na akashika usukani akiamini kuwa ataishinda, huyo ana hulka ya utawala. Nahodha mwingine aiona dhoruba ile ile, akajua kuwa imemzidi nguvu, akatua tanga na kuifuata bahari mpaka ipoe, huyo ana hulka ya kukubali hali. Wa tatu ni yule mwenye mali aliyeko bandarini, aonaye watu wote kuwa marafiki wake watarajiwa. Huwaita kwa maneno matamu na uso mkunjufu mpaka wanunuzi waje wenyewe. Hulka yake ni ushawishi. Wa nne ni mwanagenzi aliyekaa miguuni pa fundi wa jahazi ampendaye na kumwamini. Humtii bila kulazimishwa, na katika kutii huko hupata raha na faida. Hii Marston aliiita hulka ya utii, lakini utii wa hiari, si wa kiboko.

Kwa maoni yake, hakuna aliye na hulka moja tupu. Kila mtu ana zote nne, ila moja au mbili humtawala. Tena alifikiri kwamba ushawishi na utii vikikutana ndipo huzaliwa mapenzi, na kwamba utawala na kukubali hali vikikutana huzaa tamaa ya kupata. Dunia, alisema, inaendeshwa na wenye tamaa, na haitapata amani mpaka iendeshwe na wenye mapenzi. Na kwa kuwa aliamini kwamba wanawake wana mapenzi zaidi, mwaka 1937 aliwaambia waandishi wa magazeti kuwa iko siku wanawake wataitawala nchi.

Marston mwenyewe hakutunga mtihani wa maswali na majibu. Waliofanya hivyo ni watu waliokuja baada yake, na leo makampuni mengi ulimwenguni huwapima wafanyakazi wao kwa herufi nne za Kiingereza, D, I, S na C, zinazosimamia hulka zake nne. Mtu anayeketi kujibu karatasi hiyo akitafuta kazi mara nyingi hajui kwamba aliyeanzisha mambo hayo ndiye aliyemtunga mwanamke wa kamba ya dhahabu.

WAKE WAWILI, JINA MOJA

Sasa tufike kwenye siri. Mwaka 1925 Marston alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Tufts, karibu na Boston, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Olive Byrne. Msichana huyu alitoka katika ukoo wa wapiganaji wa haki za wanawake. Mamaye, Ethel Byrne, na mama yake mkubwa, Margaret Sanger, walifungua mwaka 1916 huko Brooklyn kituo cha kwanza cha kupanga uzazi nchini Marekani, na mamaye akatiwa gerezani akagoma kula.

Olive alipomaliza masomo mwaka 1926 alihamia katika nyumba ya Marston, na si kama mgeni. Yasemekana kwamba Marston alimpa mkewe hiari chungu: ama akubali Olive akae nao, ama yeye mume aondoke. Elizabeth alifikiri sana, kisha akakubali. Tangu siku hiyo wakawa nyumba moja. Elizabeth alizaa watoto wawili, mwaka 1928 na mwaka 1933. Olive naye alizaa wawili, mwaka 1931 na mwaka 1932. Binti wa Elizabeth akapewa jina la Olive.

Msomaji wa pwani huenda akasema, kuna ajabu gani hapo? Mume kuwa na wake wawili si jambo geni kwetu. Lakini tazama tofauti. Kwetu ndoa ya pili ni ndoa: ina walii, ina mashahidi, ina mahari, na hutangazwa ili watu wajue kuwa mwanamke huyu ni mke wa fulani na watoto wake ni wa fulani. Nyumba ya Marston haikuwa na hayo. Sheria ya nchi yake haikuruhusu mume mmoja kuoa wake wawili, na yeye hakuwa na njia ya kulisimamisha jambo lake mbele ya watu. Basi likasimamishwa juu ya uongo. Olive alijiita Bi. Richard, mjane wa bwana aitwaye William Richard, mtu ambaye hakupata kuzaliwa. Wanawe waliambiwa kuwa baba yao amekufa, na huku baba yao ameketi nao mezani akila chakula. Baadaye Marston na Elizabeth waliwachukua watoto hao kisheria kama watoto wa kulea.

Nani aliyeibeba nyumba hiyo? Si bwana mwenyewe. Vyuo vikuu vilikuwa vimeanza kumfungia milango, na baada ya mwaka 1929, wakati wa ile shida kubwa ya uchumi, mara nyingi hakuwa na kazi ya kudumu. Elizabeth ndiye aliyetoka asubuhi kwenda kazini katika kampuni ya bima mjini New York na kuleta mshahara. Olive ndiye aliyebaki nyumbani akiwalea watoto wote wanne, wake na wa mwenzake. Wanawake wawili hawa walishikana kama pacha wa tumbo moja, na bila wao bwana msomi angelala njaa.

Olive pia aliandika makala katika gazeti moja la akina mama liitwalo Family Circle. Katika makala hayo alijifanya mgeni anayefunga safari kwenda kumtembelea mtaalamu mashuhuri wa saikolojia nyumbani kwake ili kumwuliza maswali. Wasomaji wa gazeti hilo wakaamini. Hawakujua kuwa mgeni huyo hakuhitaji kufunga safari, kwani nyumba aliyokuwa akiisimulia ndiyo aliyokuwa akilala kila siku.

SHUJAA AZALIWA

Moja ya makala hayo ndiyo iliyomfungulia Marston mlango mpya. Mnamo Oktoba 1940 Olive aliandika juu ya maoni ya Daktari Marston kuhusu vitabu vya katuni. Zama hizo Superman, aliyeanza mwaka 1938, na Batman, aliyeanza mwaka 1939, walikuwa wamewateka watoto wote wa Marekani, na wazazi na walimu walikuwa wakilalamika. Marston alisema kuwa hadithi hizo zina faida zikitengenezwa vizuri. Mchapishaji Max Gaines aliisoma makala hiyo akapendezwa, akamwajiri Marston kuwa mshauri wake.

Marston akamwambia kwamba kasoro ya mashujaa wale ni kuwa wana nguvu bila mapenzi. Akapendekeza shujaa atakayeshinda kwa vyote viwili. Watu wa nyumba yake husema kuwa ni Elizabeth aliyemtia shime kwamba basi shujaa huyo na awe mwanamke. Mwezi wa Februari 1941 Marston aliipeleka hadithi ya kwanza. Alitumia jina la Charles Moulton, nusu jina la kati la mchapishaji, nusu jina lake mwenyewe la kati. Mchoraji alikuwa Harry G. Peter. Mwishoni mwa mwaka 1941 Wonder Woman akaonekana kwa mara ya kwanza, na kufikia mwaka 1942 alikuwa na kitabu chake mwenyewe.

Kwa kifupi, hadithi yasema hivi. Diana ni binti wa malkia wa kisiwa cha wanawake watupu, waliokimbia utumwa wa wanaume katika zama za Wagiriki wa kale. Rubani wa Kimarekani aanguka na ndege kisiwani, na Diana ashinda mashindano ili apewe kazi ya kumrudisha kwao na kusaidia vita dhidi ya Wanazi. Mikononi huvaa vikuku viwili vipana ambavyo huzuia risasi. Vikuku hivyo havikutoka hewani. Olive Byrne alikuwa na vikuku vipana vya namna hiyo hiyo, alivyovivaa tangu mwaka 1928, mahali pa pete ya ndoa ambayo hakuweza kuivaa.

HULKA YA WONDER WOMAN

Tukimweka Diana juu ya mizani ya mtunzi wake, twaona kuwa ameshonwa kwa vitambaa vyote vinne. Mbele ya adui ana utawala: hakimbii, hasiti, hushika usukani. Lakini mchana huvaa miwani na sare, akajiita Diana Prince, akafanya kazi ofisini katika jeshi akipokea amri za wakubwa wasiomjua. Hapo anaikubali hali. Tena vikuku vyake vina masharti. Vikifungwa kwa mnyororo na mwanamume, nguvu zote humtoka. Na vikivunjwa akawa huru kabisa bila ya kizuizi chochote, nguvu zake hugeuka wazimu, akabomoa kila kitu. Ndiyo kusema nguvu yake ina faida pale tu inapokaa chini ya utii aliouchagua mwenyewe.

Lakini hulka inayomtawala ni ushawishi. Ukizisoma hadithi za wakati wa Marston utaona kuwa Diana hapendi kuua adui zake. Huwakamata, kisha wakapelekwa kisiwani kufunzwa tabia njema, na wengine huongoka wakawa rafiki zake. Kamba yake yenyewe ni mfano wa ushawishi: haimkati mtu wala haimchomi, humgeuza moyo tu. Hii ndiyo sababu shujaa huyu ameishi kuliko wengi wa rika lake. Wengine wana misuli. Yeye ana njia ya kuingia moyoni.

Hata hivyo si wote waliofurahi. Mwaka 1942 jumuiya moja ya maaskofu wa Kikatoliki iliyosimamia usafi wa vitabu ilimtia katika orodha ya visivyofaa, kwa sababu mavazi yake hayakumsitiri vya kutosha. Wengine, wakiwamo wataalamu wa malezi, walichukizwa na wingi wa minyororo na kamba katika picha zile. Marston alijitetea kuwa minyororo ni mfano wa utumwa wa wanawake, na kweli wapiganaji wa haki za wanawake walikuwa wakiitumia alama hiyo. Lakini kila mwenye macho aliona kuwa imepita kiasi, na pingamizi za watu wale hazikuwa bure.

Na yeye mtunzi, alikuwa na hulka gani? Nadhani jibu liko wazi. Marston alikuwa mtu wa ushawishi kuliko mtu wa utafiti. Alijua kuuza: alimuuzia mchapishaji shujaa, akawauzia wasomaji wa magazeti saikolojia, na mwaka 1938 alionekana hata katika matangazo ya wembe wa kunyolea, akidai kwamba kipimo chake kimethibitisha upi ni bora. Ushawishi huo ndio uliomfanya aaminiwe na wanawake wawili wenye akili, na ndio huo uliowafanya wanachuoni wenzake wamwepuke.

MWISHO WAKE

Mwaka 1944 Marston alishikwa na ugonjwa wa kupooza, asiweze tena kutembea vizuri. Aliendelea kuandika, akisaidiwa na msichana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wake. Kisha ikamjia saratani ya ngozi. Alifariki tarehe 2 Mei, 1947, nyumbani kwake Rye, jimbo la New York, zikiwa zimebaki siku saba tu atimize miaka 54.

Elizabeth na Olive hawakutengana. Waliendelea kuishi pamoja na kuwasomesha watoto wote wanne kwa mshahara wa Elizabeth, mpaka Olive alipofariki mwaka 1990. Elizabeth alimfuata mwaka 1993, akiwa na umri wa miaka 100. Wana wa Olive walikuwa watu wazima walipoambiwa hatimaye baba yao ni nani. Ulimwengu ulikuja kuupata mkasa wote kwa ukamilifu mwaka 2014, mwanahistoria Jill Lepore alipouandikia kitabu.

Kipimo chake nacho kilifikia wapi? Mwaka 1988 Marekani ilitunga sheria ya kuyazuia makampuni mengi ya watu binafsi kuwapima wafanyakazi wao kwa mtambo wa uongo. Mwaka 2003 taasisi ya kitaifa ya sayansi ya nchi hiyo ilitoa ripoti kuwa mtambo huo hauaminiki vya kutosha kuwachujia wafanyakazi. Sababu yenyewe ni nyepesi. Moyo haupigi kwa uongo peke yake. Hupiga kwa hofu, kwa aibu, kwa hasira na kwa huzuni. Asiye na hatia akifungwa mpira mkononi mbele ya askari damu yake yaweza kupanda, na mwongo aliyeuzoea uongo wake aweza kukaa kimya kama maji ya mtungi.

Wazee wetu walilijua jambo hili bila ya maabara. Anayedai huleta ushahidi, na anayekana hula yamini, na yaliyobaki vifuani ameachiwa Mola ajuaye ya siri na ya dhahiri. Kadhi hakupewa kamba ya dhahabu, wala jaji wa Washington hakupewa.

Marston alitamani kamba hiyo maisha yake yote. Alipoikosa katika sayansi aliitunga katika hadithi. Lakini laiti siku moja ingalikuwa kamba ya kweli, na mmoja wa wale watoto wawili akamfunga nayo baba mezani, akamwuliza swali moja tu, mimi ni mtoto wa nani, hapo ndipo mpimaji wa uongo angalipimwa yeye. Siri ya mtungi aijuaye kata, na wale waliokuwa wakinywa humo ndio walioumia kwa kutojua maji yametoka kisima gani.